Miguu Chini ya Meza

Kwenye kituo kile cha polisi walikuwepo wakubwa wenye nyota mabegani, alikuwepo mbwa aliyesomeshwa kunusa, na alikuwepo Mama Birika. Mbwa alishakosea mara mbili. Mkubwa mmoja alikosea mpaka akahamishwa pamoja na godoro lake. Mama Birika, kwa miaka yake kumi na tisa pale, hakukosea hata siku moja. Ndivyo ilivyosemwa, na aliyeanza kuisema ni yeye mwenyewe.

Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kupiga deki na kuchemsha chai. Asubuhi alifika, akajifunga kitambaa kiunoni, akadeki ukumbi wa mbele, akadeki vyumba viwili vya mahojiano, akamalizia na choo ambacho hata wezi sugu walikilalamikia. Saa nne aliwasha jiko la umeme, lile la waya uliofungwafungwa utepe mweusi, akateleka birika la bati lililobonyea ubavuni kama limepigwa teke na punda. Jina lake lilitoka kwenye birika hilo. Hata mumewe, kabla hajafariki, alikuwa anamwita hivyohivyo, akawa amelisahau lile alilomwoa nalo.

Sasa, mtu wa chai ana bahati moja ambayo mpelelezi hana. Akiingia na sinia, hakuna anayejiweka sawa kwa ajili yake. Na akiinama kuweka kikombe, macho yake yanakuwa chini ya meza. Huko ndiko alikosomea.

"Uso ni mali ya mwenyewe," alikuwa akimwambia Sajini Kalamu. "Mtu anautuma popote anapotaka. Mwongo atakukazia macho mpaka uone haya wewe. Lakini miguu, afande! Nani amewahi kukaa chini akaifundisha miguu yake adabu?"

Sajini Kalamu ndiye aliyekuwa mpelelezi wa kituo, mwanamume mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, na inayoandika ni moja. Urafiki wao ulianza na mwizi wa baiskeli. Mwizi huyo alilia mbele ya Sajini machozi ya kujaza bakuli, mpaka Sajini akatoa leso yake mwenyewe. Mama Birika akatoka na sinia, akamvuta Sajini kwenye korido.

"Huyo juu analia, chini anacheza ngoma," akamwambia. "Mguu wa kulia haujatulia tangu umtajie daraja."

Wakaenda darajani. Baiskeli ilikuwepo, na nyingine saba, na toroli.

Tangu siku hiyo wakapatana. Mama Birika anaingia na vikombe viwili, cha mshukiwa na cha Sajini. Anakaa chumbani muda wa kumimina na kukoroga, basi. Akishatoka, Sajini anatupa jicho kwenye kisahani chake. Kijiko kikiwa kimelala chali, mtu anasema kweli. Kikiwa kimelala kifudifudi, mtu anadanganya. Kwenye faili Sajini aliandika "baada ya mahojiano ya kina", akagonga muhuri.

Miguu ikimpa mashaka, Mama Birika alikuwa na chai. Aliileta ikitokota, makusudi. Mwongo koo lake limefungwa, alisema. Atakishika kikombe, atakizungusha, atakipuliza, ila kumeza hamezi. Mwenye kweli anakunywa akaomba na sukari.

Sifa zake zilivuka ukuta wa kituo. Kuna siku waliletwa wanaume wawili wakigombania mbuzi, kila mmoja anaapa kwa watoto wake. Mama Birika akapita na sinia. Akawatazama wale wawili, akamtazama na mbuzi, akasema, "Wote watatu waongo." Kufuatilia, mbuzi alikuwa wa mtu wa nne kabisa aliyekuwa bado anamtafuta. Na mbuzi mwenyewe, wanasema waliokuwepo, aligeukia ukutani kwa aibu.

Siri ya kijiko waliijua watu wawili tu. Ukimhesabu na Kitinda, watatu.

Kitinda alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao. Mama alifariki Kitinda hajaota meno, na Mama Birika, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, akamtwaa akamfunga mgongoni. Alimlea, akampeleka kujifunza kushona, akamshangilia alipopata kazi kwenye karakana ya ushonaji ya mtaa wa pili. Miaka kumi na moja sasa, na Kitinda alikuwa ndiye msimamizi pale. Alimwita dada, lakini wakigombana ilimponyoka "mama".

Kila Jumapili mchana Kitinda alikuja na mkate chini ya kwapa, akavua viatu, akajilaza kwenye mkeka.

"Enhe, dada. Wiki hii umemnasa nani?"

Na Mama Birika, mdomo wake ukiwa hauna breki, akamwaga yote. Hakusimulia tu, alivuta kiti akaonyesha. Hivi ndivyo alivyokunja vidole. Hivi ndivyo alivyolamba mdomo. Kitinda alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Nionyeshe tena ule mguu."

Halafu wakaanza mchezo wao. Kitinda anasema mambo matatu, mawili ya kweli na moja la uongo, na dada yake anautaja uongo. Miaka ya mwanzo alikuwa ananaswa kabla hajamaliza sentensi.

"Kidole gumba! Kidole gumba kimekuchongea!"

"Hebu nirudie."

"Rudia. Kwanza pumua. Usinitazame sana, wala usinikwepe. Nyayo zote mbili chini, ziache zilale."

Basi mwaka hadi mwaka Kitinda akanaswa mara chache, mpaka ikawa hanaswi kabisa. Mama Birika hakuona ubaya. Aliona fahari, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amempita. "Ungekuwa mwizi wewe," alimwambia, "serikali ingehama." Wakacheka wote wawili, huku chai ya Kitinda ikiota ngozi kwenye kikombe, maana tangu utotoni alikuwa na ulimi wa paka. Kitu cha moto hakiweki mdomoni.

Jumapili moja kabla hajaondoka akasema, "Dada, nina magunia matatu ya vipande vya vitambaa, kwangu hakuna pa kukanyaga. Niyaweke kwenye stoo yako?"

"Nyumba yako, ufunguo unao. Unaniomba nini?"

Jumanne mchana, Mama Birika akiwa kazini, magunia yakaletwa kwa mkokoteni. Jumanne hiyohiyo asubuhi mafundi wa karakana walifika wakakuta mlango uko wazi, kufuli halina hata mkwaruzo, na vichwa sita vya vyerehani vya umeme havipo. Meza zimebaki na matundu.

Mtu mwingine angejiuliza jambo. Mama Birika alirudi nyumbani, akalikalia gunia moja kwa sababu kigoda kilikuwa kimevunjika mguu, akachambua maharagwe.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Kila jioni msimamizi hufunga karakana na kumkabidhi ufunguo mlinzi, nao hulala kwenye kibanda cha mlinzi. Kitinda alisema aliukabidhi. Mlinzi alisema hakukabidhiwa. Mmoja wao anadanganya, na atakayeonekana mwongo ndiye mwizi.

Mlinzi alikuwa mzee mrefu, miguu yote, wakamwita Korongo. Alihamishwa kutoka benki moja hadi ghala moja hadi karakana ile, akizeeka njiani. Alhamisi alikuja kituoni amejipamba: shati limepigwa pasi mpaka limekaa kama ubao, na viatu vyeusi vinang'aa.

"Hakunipa, afande," Korongo akasema. "Nilimwuliza. Akaniambia ana suruali za kumalizia, atafunga mwenyewe aondoke nao. Nikamwambia haya mwanangu, usiku mwema."

Mama Birika akaingia na sinia, akainama. Chini ya meza, miguu ya Korongo ilikuwa kama samaki wawili waliotupwa mchangani. Inajikunja, inapandana, kisigino kinanyanyuka, kinashuka, kinatafuta pa kutokea. Jasho limempanda juu ya mdomo. Kikombe amekishika kwa mikono miwili na hanywi.

Akakilaza kijiko kifudifudi. Hakufikiri hata mara mbili.

Kabla ya Kitinda kuingia, Sajini alimngoja kwenye korido. "Mama, anayefuata ni mdogo wako. Nimwite mtu mwingine alete chai?"

"Afande, mimi nikishika sinia sina ndugu. Wewe kaa na kalamu yako."

Alisema hivyo, lakini roho ilikuwa juu. Aliogopa kuinama. Alipoinama akakuta nyayo mbili zimetulia kama mikate kwenye rafu. Kitinda alikuwa anamtazama Sajini, si sana, si kidogo.

"Nilimkabidhi mkononi, afande. Akasema asante mwanangu. Sijui kama alijisahau, sitaki kumsemea vibaya, ni mtu mzima."

Akanyanyua kikombe kinachotoa moshi, akanywa mafunda matatu, akakirudisha kitupu.

Mama Birika akakilaza kijiko chali, akatoka nje akashusha pumzi ndefu iliyotikisa pazia. Jioni hiyo Korongo akalala mahabusu. Jumatatu saa tatu gari lingempeleka mahakamani, na kwa vyerehani sita vya umeme mzee wa umri ule asingetoka gerezani na meno.

Ijumaa mkewe alifika, mwanamke mdogo wa umbo, amesimama kaunta na mfuko wa plastiki.

"Mama, samahani," akamwambia Mama Birika aliyekuwa anadeki karibu naye. "Nani atanisaidia kumpelekea mzee wangu hizi ndala?"

"Ndala za nini? Si ana viatu, tena vya kung'aa?"

"Si vyake vile, mama yangu. Vya mkwe wetu. Alisema hawezi kwenda polisi na kandambili, watamwona mhuni. Mkwe anavaa namba saba, huyu anavaa kumi. Vidole vyote vimechubuka. Anasema Alhamisi alikuwa anaungua miguu mpaka hasikii anaulizwa nini."

Mama Birika akaendelea kudeki. Alideki sehemu moja mpaka yule mwanamke akauliza kama kuna doa.

Alizipeleka ndala mwenyewe. Usiku huo na siku iliyofuata alijisemesha. Viatu ni viatu, akajiambia, na uongo ni uongo, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Tena kama Korongo hakudanganya, aliyedanganya ni nani? Akifika hapo aligeuka na kutafuta sufuria ya kusugua.

Jumapili Kitinda akaja. Akavua viatu, akajilaza. Safari hii hakuleta mkate.

"Nipe uji wa baridi tu, dada. Ulimi unanisumbua."

"Umefanya nini ulimi?"

"Vidonda. Homa labda."

"Utoe nione."

"Dada, mimi mtoto?"

"Utoe."

Kitinda akautoa. Ncha nzima ilikuwa imebanduka ngozi, na pembeni kuna malengelenge meupe. Mama Birika alimlea mtu huyo tangu hajaota meno. Alimwona na surua, akamwona na tetekuwanga, akajua ulimi wa homa unafananaje. Huu ulikuwa umeungua.

Miaka arobaini na mbili Kitinda hajawahi kunywa kitu cha moto. Alhamisi alikunywa chai inayotokota, mafunda matatu, na uso haukutikisika. Na mtu wa kumwambia kwamba mwenye kweli anakunywa alikuwa mmoja tu hapa duniani.

Mama Birika akanyanyuka, akaenda stoo. Akafungua gunia lile lililokuwa kiti chake. Juu vipande vya vitambaa, vyekundu, vya maua maua. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, na vidole vikagusa chuma baridi.

Aliporudi Kitinda alikuwa amekaa wima.

"Kwangu," Mama Birika akasema. "Umevileta kwangu."

"Nani angepekua kwako, dada?"

"Nimevikalia! Nimechambulia maharagwe juu yake!"

"Kaa chini. Majirani watasikia."

"Kitinda, kuna mzee wa watu yuko ndani."

"Watamwachia. Mzee yule, watamfanyia nini?" Kisha sauti ikabadilika. "Unajua mwenye karakana kaniambia nini? Nimfundishe mpwa wake kazi. Miezi mitatu nimfundishe, akishajua awe mkubwa wangu. Miaka kumi na moja nimeinama pale, dada, mgongo wangu umekaa kama ndoano. Nimepata chumba mji mwingine. Nilitaka nianze changu. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungesema nivumilie."

Ni kweli angesema hivyo. Mama Birika akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilikuwekea kijiko chali," akasema.

"Najua. Nilikitazama ulipotoka."

Hapo ndipo palipomuuma kuliko chuma cha kwenye gunia. Kwamba mtoto aliyemfunga mgongoni alikaa pale, ulimi unawaka moto, akakitazama kijiko kuona kama somo limekubali.

Kitinda alipomwona dada yake analia, akashuka chini akamshika magoti. "Dada, usiseme. Nipe mpaka kesho asubuhi. Nitakwenda mwenyewe kituoni, nitasema mwenyewe, kabla gari halijaondoka. Usinipeleke wewe. Niache niende kwa miguu yangu. Naapa kwa mama."

Mama Birika akamtazama. Akatazama nyayo, zimelala. Akatazama koo, macho, pembe za mdomo, vidole gumba vyote viwili. Akaona kweli tupu, nyeupe, haina hata ukungu.

"Kesho saa mbili," akasema.

Jumatatu alifika kazini mapema, akadeki ukumbi huku akichungulia mlango. Saa mbili kasoro Sajini Kalamu akatokea kwenye korido. Hakuwa na sura ya kuomba chai.

"Mama, weka hilo dekio. Njoo chumba cha pili."

"Kitinda amefika?"

"Alifika saa kumi na mbili na nusu. Ameshaondoka. Vijana wangu wametoka nyumbani kwako sasa hivi na magunia matatu."

Mama Birika akashukuru moyoni. Mtoto amekwenda kwa miguu yake. Akaingia chumbani akatafuta ukuta wa kuegemea, kama alivyozoea.

"Kaa kwenye kiti," Sajini akasema. "Hicho."

Ni kiti alichokifuta miaka kumi na tisa na hajawahi kukikalia. Kilikuwa kigumu kuliko kilivyoonekana, na kifupi, mpaka meza ikamfika kifuani.

"Mdogo wako amesema yote," Sajini akaendelea, akitazama karatasi. "Amesema Jumatatu iliyopita jioni ulimwomba akuazime ufunguo wa karakana, ukasema unataka kuchukua nguo zako za kushonwa. Jumanne akasikia wizi, akaogopa kukutaja. Wewe ndiye uliyemlea. Jana akaviona vyerehani stoo kwako, akashindwa kulala. Amelia sana, mama. Na mimi nimekumbuka Alhamisi ni nani aliyenilazia kijiko."

Askari kijana akaleta chai. Ilikuwa imepauka kama maji ya kuoshea mchele. Mama Birika akakishika kikombe kwa mikono miwili. Alitaka kunywa, alijua maana ya kutokunywa. Funda likafika mlangoni mwa koo likakuta pamefungwa, likarudi. Akataka kusema, "Si mimi," na maneno yakatoka yamekwaruzika. Jasho likamsimama juu ya mdomo. Na chini, jamani, chini visigino vyake vilikuwa vinagonga sementi kama mtu anashona kwa cherehani cha miguu. Akavikanyagia kimoja kwa kingine. Vikakataa.

Sajini Kalamu akaangusha kalamu. Akainama kuiokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji.

"Usitazame huko, afande."

"Si ndiko ulikonifundisha?" Alikuwa na huzuni ya kweli alipoinuka, au ilionekana hivyo. "Miaka kumi na tisa, mama."

Mama Birika akaweka kikombe chini. Wakamjia watu, mmoja mmoja, waliopita kwenye kiti kile. Yule mwanamke wa hereni aliyetikisa goti. Yule kijana wa ghala aliyeshindwa kumeza. Wangapi walikuwa wamevaa viatu vya kuazima? Wangapi walibanwa na mkojo, na choo anakijua mwenyewe kilivyo? Hata mbuzi akamjia, amegeukia ukuta. Labda ukuta ulikuwa na chumvi.

"Afande," akasema, na sauti bado inatetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilikufundisha ujinga. Achana na miguu yangu, itakwambia naogopa, basi, na mimi mwenyewe nakwambia naogopa. Niulize kitu cha kwenda kukitazama. Magunia yaliletwa kwangu Jumanne saa sita mchana. Saa sita mimi nilikuwa wapi?"

Sajini akaishika ile kalamu inayoandika.

"Nilikuwa hapa nakumiminia chai, ukaniambia sukari haitoshi. Ufunguo wa nyumba yangu tunao wawili. Aliyebeba ana mkokoteni wa bluu, jirani alimwona, anasimama lango la soko kila siku. Mwulize alipakia wapi na nani alimfungulia mlango. Swali dogo hilo, afande. Zamani ulikuwa unauliza maswali kama hayo. Mimi ndiye niliyekufanya uache."

Saa mbili na robo. Gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa uani, moshi unaingia dirishani. Sajini alimtazama Mama Birika, akazitazama kalamu zake, akatoka mbio mpaka kofia ikabaki mezani.

Mwenye mkokoteni hakuhitaji kusomwa uso. Alisema alipakia nyuma ya karakana jua halijachomoza, akaambiwa akae na mzigo mpaka mchana, na aliyefungua mlango wa nyumba ni fundi yuleyule aliyemwita, mrefu, mcheshi, na mpaka leo hajammalizia ujira wake. Alikuwa na hasira ya kutosha kumwonyesha kwa kidole. Kitinda walimkuta kituo cha mabasi, amekalia sanduku, anakula barafu.

Korongo akatolewa. Alipita ukumbini na ndala zake, viatu vya mkwe vinaning'inia mkononi kwa kamba, mkewe kamshika kiwiko. Alipomwona Mama Birika akasimama.

"Wewe mama, Mungu akuzidishie," akasema. "Siku ile mle ndani wote walinitazama kama mwizi. Wewe peke yako uliinama ukanitazama kama mtu."

"Mzee, mimi ndiye niliyekufunga," Mama Birika akasema.

"Nini?"

"Mimi. Kwa kijiko. Niliona miguu yako inacheza nikamwambia Sajini unadanganya."

Korongo akamtazama, kisha akaangua kicheko, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku tano. "Kwa kijiko! Sikia, mama watoto, huyu bibi ana maneno!" Wakatoka nje wanacheka, mzee akirudia kwa kijiko, kwa kijiko, mpaka getini.

Mchana Sajini Kalamu akamwita tena. Kitinda alikuwa chumba cha pili, kichwa kimeinama mezani, mabega yanapanda na kushuka. Aliposikia mlango akanyanyua uso uliolowa wote.

"Mama," akasema. Hakusema dada. "Nilichanganyikiwa. Nilijua wewe hawatakufanya kitu, wewe ni wa kwao. Nisamehe, mama. Safari hii nasema kweli."

Sajini akamsogelea Mama Birika sikioni. "Mtazame vizuri. Hayo machozi ni ya kweli?"

Mama Birika akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu yeyote chumbani mle. Aliona machozi, aliona pua imekuwa nyekundu, aliona nyayo mbili chini ya meza. Ulikuwa uso anaoujua tangu haujaota meno, na akawa anautazama kama barua iliyoandikwa kwa lugha nyingine.

"Sijui, afande," akasema. Hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo pale kituoni. "Andika atakachosema, kisha ukakague."

Akatoka, akaufunga mlango polepole. Birika lilikuwa linachemka jikoni, akapita akalizima. Akaenda mpaka ukumbini, kwenye benchi la wanaongoja, akakaa kati ya watu. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake akamsogezea nafasi.

"Na wewe una mtu ndani?"

"Ninaye."

"Nani wako?"

Mama Birika akalifungua lile fundo la kitambaa kiunoni, akajipangusa mikono ambayo haikuwa na maji.

"Mwanangu," akasema.